Msaidizi wa muuguzi ni nani?

Ingia wodi yoyote Nakuru, au hospitali ile ya Kisumu ambayo wenyeji bado wanaiita "Russia", usikie mgonjwa akiita "Sista!" Anayefika upesi pengine si muuguzi, bali msaidizi wake: anayeogesha, anayelisha, anayebadilisha shuka, anayempeleka mgonjwa chooni, na kupima joto na presha akiagizwa. Dawa na sindano si kazi yake. Alichokiona humweleza muuguzi, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Chukua kumgeuza mgonjwa. Mzee aliyepooza akilala chali kwa saa nyingi, nyama iliyo juu ya mfupa hubanwa, damu haipiti, na kidonda chaweza kuanzia ndani kabla ngozi haijapasuka. Ndiyo maana wengi hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mto mgongoni, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mara nyingi mwanafunzi hufundishwa atafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo papasa: pakiwa na joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, mwite sista kabla hujamaliza kutandika. Nyanya yangu alipata kidonda cha namna hiyo juu ya makalio, nasi nyumbani tulikuwa tunamwacha alale tukidhani anapumzika.

Msaidizi wa muuguzi si mhudumu wa afya ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba kijijini.

Mafunzo ya msaidizi kwa kawaida ni ya miezi, si miaka: somo darasani, kisha wodini nyuma ya muuguzi. Lakini elewa jambo hili kabla hujauza ng'ombe wa karo. Uuguzi unalindwa na sheria, Sura ya 257 ya Sheria za Kenya, na muuguzi lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi. Cheti cha usaidizi hakikuingizi kwenye daftari hilo. Anayetaka kuwa muuguzi atafute diploma, kwa mfano KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, chenye kampasi Nakuru na Kisumu. Huko inahitajika C ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na takriban miaka mitatu.

Ukichagua usaidizi, uliza chuo: nitafanya mazoezi hospitali gani, wiki ngapi, chini ya muuguzi yupi? Wasipokutajia wodi, rudi na pesa zako nyumbani.