Philippine Cup si kombe la mchangani

Wengi hudhani kombe la kikapu lisilo na wachezaji wa kigeni ni la daraja la pili. Kwa ligi ya PBA ya Ufilipino, iliyoanza 1975, mambo ni kinyume kabisa: makombe mengine huruhusu mchezaji wa kigeni, lakini Philippine Cup, la wazawa pekee, ndilo lenye heshima kubwa zaidi. Pale huwezi kujificha nyuma ya mgeni anayefunga nusu ya pointi.

Fainali ya 2016 inatosha. Bingwa ni timu ya kwanza kushinda michezo minne; timu ya San Miguel walikuwa nyuma kwa michezo 0-3 dhidi ya timu ya Alaska, nguzo yao June Mar Fajardo yuko benchi na goti bovu. Wakashinda mchezo wa nne katika muda wa nyongeza. Fajardo akarejea mchezo wa tano, wakatwaa kombe 4-3.