Je, wajua kwa nini mpiga drams wa Iron Maiden aliokoka na bado hakuacha bendi?

Mwaka 1999 Nicko McBrain, mpiga drams wa Iron Maiden, bendi ya hevi metali (roki nzito yenye gita za kukwaruza) kutoka Uingereza, alianza kwenda kanisani na mke wake huko Florida, Marekani, na humo ndimo alipoamini. Bendi yake ndo ile yenye wimbo wa 666 uliotoka 1982, wimbo uliofanya vikundi vya dini Marekani vichome na kuvunja santuri zao, kwa hiyo waliosikia habari hiyo walitegemea kinachofuata ni tangazo la kuacha. Halikuja. Alikaa nyuma ya drams zake miaka mingine 25 mpaka alipostaafu ziara Desemba 2024 kule São Paulo, Brazil, na miaka yote hiyo wimbo wa 666 aliupiga mara nyingi tu huku akisema waziwazi kwamba yeye ni Mkristo.

Jibu ambalo wapendwa wengi wanalo ni kwamba basi huyo hajaokoka sawasawa. Jibu hilo limekaa juu ya wazo moja ambalo watu hawalichunguzi, kwamba sauti yenyewe ya metali ni ya shetani, yaani hata ukitoa maneno yote ukabaki na gita tu bado kuna roho ndani yake. Wazo lenyewe lina hadithi yake ya kihistoria inayorudiwa sana, na inabidi tuanze nayo maana bila kuitoa njiani hutaelewa McBrain alikuwa anafikiria nini.

Hadithi inasema hivi: zamani za kati Kanisa lilipiga marufuku umbali fulani kati ya noti mbili, wakauita ibilisi ndani ya muziki, na aliyeupiga aliadhibiwa, halafu mwaka 1970 bendi ya Black Sabbath ikaufufua na metali ikazaliwa. Nusu ya mwisho ina ukweli. Riff, yaani kipande cha gita kinachorudiwarudiwa, ya wimbo wao wa kwanza kwenye albamu ya kwanza kweli imejengwa juu ya umbali huo, G kwenda C iliyopandishwa nusu, na kweli inatisha. Nusu ya kwanza ndo haina miguu. Hakuna sheria ya Kanisa inayojulikana iliyokataza umbali huo, na lile jina la ibilisi linaonekana kwenye vitabu vya walimu wa muziki mwanzoni mwa miaka ya 1700, karne kadhaa baada ya hao wanaodaiwa kupiga marufuku kufa. Walimu walikuwa wanalalamikia jambo la kikazi kabisa: waimbaji wanashindwa kuulenga, kwaya inapotea tuni.

Na kama kweli umbali huo unaita mashetani basi tuna shida kubwa makanisani, kwa sababu ile kodi ya G7 (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ambayo mpiga kinanda anaipiga kabla ya kurudi C, kwenye karibu kila tenzi unayoijua, ina B na F ndani yake, na kati ya B na F ndo kuna umbali huohuo. Sikio linausikia kama kitu kinachotaka kwenda nyumbani. Kwaya inakurudisha nyumbani kwenye C, Black Sabbath wao wanakuacha barabarani, tofauti ni hiyo tu. Mwandishi mkuu wa maneno wa Black Sabbath, Geezer Butler, alilelewa Mkatoliki, na mwaka 1971 bendi hiyohiyo ilitoa wimbo wa kumtetea Mungu mbele ya wanaomcheka.

Uzito wenyewe wa ile sauti nao una chanzo cha kawaida kabisa. Tony Iommi, mpiga gita wao, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kiwanda huko Birmingham akiwa na miaka 17, na kwa kuwa alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndo vilikuwa vya kubana nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na uzi ukilegea sauti inashuka. Ajali kazini, hiyo ndo asili ya sehemu kubwa ya kile kinachoitwa giza la metali.

Halafu kuna distosheni, ule mkwaruzo, ambao nadhani ndo unaowatisha watu kuliko kitu chochote. Umeme unaotoka kwenye gita ni wimbi linalopanda na kushuka, amplifaya inalikuza, ila amplifaya ina mwisho wake. Fikiria abiria mrefu ndani ya Hiace iliyojaa: anataka kusimama wima lakini paa halimruhusu, ukimwambia apande zaidi hapandi, kichwa kinazidi kulala tu, na yule mfupi pembeni yake ambaye nje ungemwona mdogo kabisa humo ndani sasa wanakaribiana kimo. Wimbi la gita linafanyiwa hivohivo, ukiongeza nguvu kupita paa la amplifaya kilele chake kinakatwa kinakuwa bapa, na zile sehemu ndogo za mwisho wa noti ambazo zingefifia zinanyanyuliwa karibu sawa na zile kubwa. Ndo maana noti yenye distosheni haifi haraka, inakaa inaunguruma. Na ule ubapa unazaa sauti nyingine nyembamba juu ya noti yako, hizo ndo unazisikia kama ukali.

Kuna kitu kingine hapo ambacho mimi naona ni cha ajabu sana. Mpiga gita wa metali anapenda kupiga noti mbili tu pamoja, wanaita pawa kodi. Tuseme E ya chini, inayotetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na B iliyo juu yake, kama mara 123. Distosheni inazichanganya hizo mbili na kuzaa pia tofauti yao, 41 hivi, na 41 ni E nyingine, iko chini kuliko uzi wowote uliopo kwenye gita hilo. Yaani kuna noti nzito inatikisa kifua chako na hakuna mtu aliyeipiga. Mtu asiyejua hesabu hiyo ukimwambia kuna kitu kingine ndani ya muziki huu atakubali haraka, maana kweli kipo, ila ni 123 kutoa 82. Fizikia hiyohiyo inatokea spika za mkutano wa injili uwanjani zikizidiwa na sauti ya mhubiri, na hakuna anayemkemea mhubiri kwa hilo.

Sitaki kuvuka mpaka hapa. Sauti kubwa na ya kasi inapandisha mwili joto, hilo halina ubishi, na mtu ana haki ya kusema muziki huu haumsaidii kusali. Lakini kutoka hapo mpaka kusema unamfanya mtu mkatili au unamwingiza pepo ni safari ndefu na ushahidi wake ni mwembamba. Kilichopo wazi zaidi ni kwamba gita la umeme lenye mkwaruzo lilipita kanisani kabla ya kufika kwenye metali. Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas 1915, mama yake mwinjilisti wa kanisa la Kipentekoste la Church of God in Christ, alikuwa anaimba injili kwa gita la umeme wakati hao wakina Iommi hawajazaliwa au bado ni watoto. Waumini walimkasirikia pia, kwa sababu alikwenda kuimba kwenye kumbi za starehe za New York. Na kwetu Afrika Mashariki wamisionari wengi walikataza ngoma kanisani, ilhali leo ukienda ibada ya Jumapili bila drams watu wanauliza kama umeme umekatika.

Nitawagusa na watetezi kidogo. Wanaopenda roki ya injili wana hadithi yao kwamba Martin Luther alichukua nyimbo za baa akazitia maneno ya Mungu. Nayo haisimami vizuri. Tuni zake nyingi alitunga au alizirekebisha kutoka nyimbo za kanisa za zamani, na ule wimbo wake wa Krismasi ambao kweli mwaka 1535 ulitumia tuni ya mtaani, miaka michache baadaye aliutungia tuni mpya.

Jaribio zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitokea 1994. Miaka miwili nyuma makanisa ya mbao Norwei yalikuwa yanachomwa moto na vijana wa metali nyeusi, tawi la metali linalomchukia Kristo kwa makusudi. Mpiga drams Mkristo kutoka Australia, Jayson Sherlock, akaingia studio peke yake, akapiga vyombo vyote, akaunguruma kama wao, sauti ileile chafu, ila maneno yakimtukuza Kristo, akaitoa kwa jina la Horde bila kusema yeye ni nani kupitia lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Ujerumani. Lebo ikapata vitisho vya kuuawa, watu wanataka jina la aliyefanya hivyo. Wale vijana hawakuwa na shida na sauti, sauti ilikuwa yao kabisa, kilichowauma ni maneno na nani anayasema.

Basi nadhani McBrain alikuwa na swali tofauti na lile tunalomuuliza. Lake lilikuwa: nyimbo hizi zinasema nini, mimi nafanya nini ndani yake, na maisha ya barabarani yananifanya nini. Ule wimbo wa 666 Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, aliutunga kutokana na ndoto mbaya baada ya kuangalia filamu ya kutisha, na kabla haujaanza kuna sauti inasoma maneno kutoka Ufunuo. Ni mtu aliyeona kitu akaogopa. Unaweza usiupende, lakini si sala kwa shetani, na McBrain alijiunga na bendi baada ya wimbo huo kurekodiwa, hakuutunga yeye.

Kuna andiko ambalo sijaona watu wakilitumia sana kwenye mjadala huu na mimi naona ndo lenyewe, 2 Wafalme 5. Naamani amepona ukoma, ameapa hatamtolea sadaka mungu mwingine, halafu anamweleza Elisha shida yake ya kikazi: bosi wake mfalme anaingia hekalu la Rimoni akiwa ameegemea mkono wake, na yeye itabidi ainame naye, anaomba BWANA amsamehe kwa jambo hilo. Elisha hamwambii aache kazi. Anamwambia enenda kwa amani. Naamani hakujifanya hekalu ni safi, aliomba msamaha kabla, na hapo ndo naona tofauti ya mtu anayebaki kwa dhamiri na anayebaki kwa sababu hajawahi kujiuliza.

Wengine walifika kwingine, na sioni kama wamekosea. Dave Mustaine, mwimbaji na mpiga gita wa bendi ya metali ya Megadeth, aliyeamini baada ya kuumia mkono mwaka 2002 mpaka akavunja bendi kwa muda, mwaka 2005 alikataa kupanda jukwaa moja na bendi kama Rotting Christ ya Ugiriki, na wimbo wake wa 1986 wenye mambo ya uchawi aliuweka kando miaka mingi kabla ya kuurudisha 2018. Yeye ndo mtunzi, maneno yalitoka mdomoni mwake, kwa hiyo mzigo wake ni mkubwa kuliko wa mpiga drams. Brian Welch, mpiga gita wa bendi ya Korn, aliondoka kabisa 2005 akabatizwa Mto Yordani, maana alikuwa mtumwa wa madawa ya kulevya na ana binti mdogo wa kulea, kwake tatizo lilikuwa yale yanayozunguka gita. Alirudi rasmi 2013 akiwa mzima. Ukimhukumu kwa kuondoka utakosea na ukimhukumu kwa kurudi utakosea pia.

Na waliochagua kuhubiri waziwazi jukwaani ndo walipigwa pande zote. Stryper, vijana wa California waliovaa njano na nyeusi na kurusha Agano Jipya kwa mashabiki katikati ya shoo, waliuza zaidi ya nakala milioni moja Marekani za albamu yao ya 1986. Mhubiri wa TV Jimmy Swaggart akasema kurusha vile vitabu ni kutupa lulu mbele ya nguruwe. Ndugu wawili wa familia ya Sweet walioanzisha bendi walimpata Yesu miaka ya 70 kwa kuangalia kipindi cha huyohuyo Swaggart. Hilo linaniuma kila nikilisoma, kwa sababu hao nguruwe wanaosemwa walikuwa watoto wa watu.

Paulo kwa Wakorintho aliiacha nyama ya sanamu ili asimkwaze ndugu dhaifu, na hoja hiyo ina nguvu, mwanamuziki Mkristo hawezi kuiruka. Ila mara nyingi tunadhani ndugu dhaifu ni yule mama wa kwaya anayeogopa mkwaruzo. Miaka ya 80 California kulikuwa na vijana wa nywele ndefu wanaoamini na hakuna kanisa linalowapokea, mpaka mchungaji Bob Beeman akaanzisha Sanctuary, kanisa lao. Finland Walutheri walifikia hapohapo mwaka 2006 na Misa ya Metali: liturujia ni ileile, tenzi ni zilezile, ila badala ya ogani kuna gita zenye distosheni, watu wamevaa fulana nyeusi wanaimba kwa sauti halafu wanapanga mstari kwenda kula Meza ya Bwana.