Dawa za saratani na masikio: dhana potofu na ukweli

Dhana: Usikivu ukipungua utarudi, kama nywele zinavyoota tena.

Nywele za kichwani huota. Vinyweleo vya sikio la ndani havioti. Kila sikio huanza maisha na seli za vinyweleo zipatazo 15,000, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Kuku zikimfa huotesha nyingine. Binadamu hana uwezo huo. Sisplatini, dawa iliyookoa wengi tangu iidhinishwe Marekani mwaka 1978, huingia kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani zilimo seli hizo, na kuziua. Tena haitoki upesi: imekutwa humo miezi, hata miaka, baada ya tiba kwisha.

Dhana: Mtoto akiitika anapoitwa, masikio yake ni mazima.

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Uharibifu huanzia mlangoni mwa koklea, zinakopokelewa sauti nyembamba. Irabu husikika, ila s, f na sh hufifia. Mtoto anaitika jina lake vizuri kabisa, lakini “fika” na “shika” kwake ni neno moja. Darasani kwenye kelele anapotea, kisha anaitwa mkaidi au mzito wa kuelewa. Walio chini ya miaka 5 ndio huumia zaidi, na ndio kwanza wanajifunza kusema. Ombeni kipimo cha usikivu kabla ya dozi ya kwanza, kirudiwe tiba ikiendelea. Kikipanda juu ya hezi 8,000 (mitikisiko 8,000 kwa sekunde), hasara huonekana mapema zaidi.

Dhana: Dawa zote za saratani huziba masikio.

Hapana. Sisplatini inaongoza, ndugu yake kaboplatini hufuata kwa mbali, na oksaliplatini huyadhuru masikio kwa nadra. Jumla ya dozi, mionzi ya kichwani na jentamisini (dawa ya kuua bakteria) huongeza hatari.

Dhana: Hakuna la kufanya.

Septemba 2022 Marekani iliidhinisha sodiamu thayosalfeti, dawa ya kulinda usikivu dhidi ya sisplatini, kwa watoto wenye uvimbe wa saratani ambao haujasambaa. Hutolewa kwa dripu saa 6 baada ya sisplatini kwisha, ili kwanza sisplatini ifanye kazi yake. Katika jaribio la watoto wenye saratani ya ini, walioipata waliopoteza usikivu walikuwa asilimia 33, wasioipata, 63. Kwa mtu mzima, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Usiikatishe tiba mwenyewe. Mlio ukianza masikioni, mwambie daktari siku hiyo hiyo, kabla ya dozi inayofuata.