Seva ya saraka ikisuasua, usikimbilie RAM

Katika ofisi nyingi hapa Mwanza, saa mbili asubuhi wafanyakazi wanapoingia kwenye mifumo kwa pamoja, mmoja anapokelewa papo hapo, mwenzake anangoja. Lawama hutolewa haraka: seva ya saraka, yaani kompyuta inayotunza akaunti na kuthibitisha wanaoingia, imezidiwa, ongezeni RAM (kumbukumbu ya mashine). Mara nyingi si kweli.

Mashine iliyozidiwa kwa kawaida huwachelewesha karibu wote. Majibu yanayoyumba yanaashiria foleni. OpenLDAP, programu ya seva ya saraka, kwa mpangilio wake wa awali ina nyuzi 16 za kazi, yaani hushughulikia maombi yasiyozidi 16 kwa wakati mmoja. Utafutaji kwenye sifa (kipengele cha taarifa, mfano barua pepe) isiyo na faharasa (orodha ya kutafutia haraka) huilazimisha seva kupekua maingizo yote. Utafutaji wa aina hiyo ukizishika nyuzi zote, ombi jepesi linalofuata hukwama, kama pikipiki nyuma ya malori kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga.

Wastani nao unaficha mengi. Maombi 99 ya milisekunde 5 na moja la sekunde 4 hutoa wastani wa milisekunde 45 hivi, aliyeteseka haonekani. Fungua logi (faili ambamo seva huandika kila ombi), panga maombi kwa muda yaliyotumia, anza na yaliyochukua muda mrefu kabisa. Kwenye 389 Directory Server, programu nyingine ya saraka, alama ya notes=A huonyesha utafutaji usio na faharasa kabisa, na notes=U ule unaoikosa kwa sehemu. Iwekee faharasa sifa inayotafutwa, kisha pima upya kwa mzigo uleule.