Malaria mjini: tutazame maji yapi?

Naishi Dar es Salaam, mbali na mashamba ya mpunga. Malaria inanifikiaje?

Ni kweli mjini kuna malaria kidogo kuliko vijijini. Nyumba zimebanana, na maji mengi yaliyotuama ni machafu, ilhali mbu wa malaria, Anofelesi, hupenda maji ya kina kifupi, masafi kiasi, yanayopigwa na jua. Lakini jiji halikufunikwa lote kwa saruji. Bonde la Msimbazi linapita katikati yake, na mabondeni watu wanalima mchicha na matembele. Katikati ya tuta na tuta maji hutuama, na hapo ndipo viluwiluwi vya Anofelesi vinapopatikana kwa wingi. Kuna pia misingi ya nyumba iliyochimbwa ikaachwa, machimbo ya mchanga, na alama za matairi kwenye barabara za udongo.

Na wale mbu wa chooni?

Wengi wao ni Kuleksi. Wanasumbua, tena hueneza matende na mabusha, ila si malaria. Chota maji uangalie: kiluwiluwi cha Kuleksi huning'inia kichwa chini, cha Anofelesi hulala bapa juu ya maji. Usipuuze maji machafu kabisa, kwani Anofelesi ameshakutwa humo pia katika miji kadhaa ya Afrika, Dar es Salaam ikiwemo.

Basi bustani za mjini zipigwe marufuku?

Hapana, na mimi napinga wazo hilo kwa moyo wote. Bustani hizo zinalisha jiji na kusomesha watoto. Penye joto, yai huchukua kama siku 7 hadi 14 kuwa mbu anayeruka. Mkulima akikausha mifereji ya matuta kila wiki, viluwiluwi vinakufa kabla ya kuota mabawa. Afisa kilimo na afisa afya wa kata waende bondeni pamoja, wamwoneshe.

Serikali imewahi kufanya nini?

Miaka ya 1980 na 1990 Japani ilisaidia kuzibua mitaro Dar es Salaam na Tanga. Kuanzia 2004 jiji likawa na mpango wake: wakazi wa mitaa walitembea nyumba kwa nyumba wakitafuta mazalia, kisha wakatia dawa iliyotengenezwa kwa bakteria, inayoua viluwiluwi bila kudhuru watu wala samaki. Leo dawa za aina hiyo zinatengenezwa Kibaha. Ni kazi nzuri, ila mtaro ukibaki umejaa mchanga na chupa, dawa itarudiwa maisha yote.

Chandarua hakitoshi?

Lala ndani yake kila usiku. Lakini baadhi ya mbu wa hapa huuma nje, tukiwa bado barazani.

Na simtanki?

Hapa nina hofu ya kweli. Anofelesi stefensi, mbu wa asili ya Asia, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na Marsabit, Kenya, 2022. Huyu hahitaji bonde wala tuta. Hutaga kwenye matangi, mapipa na visima vya maji ya kujengea. Mwaka huohuo wa 2022 mji wa Dire Dawa, Ethiopia, ulipata mlipuko wa malaria uliohusishwa naye. Kifuniko cha tangi kikipasuka, funga neti ya matundu madogo siku hiyohiyo. Fundi akimaliza kujenga, afukie shimo la maji kabla hajalipwa.