Sato wa Mwaloni si ndugu wa Sato wa Japani

Wengi huamini kwamba neno likisikika sawa katika lugha mbili, lazima moja imekopa. Sivyo. Sato wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ni samaki. Japani, Sato ni jina la ukoo. Sauti za lugha ni chache, kwa hiyo maneno mafupi hugongana tu.

Kigeorgia kinashangaza zaidi: "mama" ni baba mzazi, na mama ni "deda". Watoto kila mahali huanza kutamka ma, ba, da. Wakubwa ndio wanaogawa maana.

Undugu wa lugha upimeni kwa sauti zinazopishana kwa utaratibu. Mtu na watu, kwa Kisukuma, ni munhu na banhu: penye t yetu, wao wana nh, tena si mara moja.