Je, wajua programu inajuaje kama Caps Lock imewashwa?

Ukikaa kwenye steshenari yoyote pale Mwanga, Kigoma, utaliona hili: mtu anaandika paswedi yake ileile ya kila siku, inagoma, anarudia inagoma, anaanza kuhisi kuna mtu kaibadilisha, kumbe Caps Lock (kitufe cha kufunga herufi kubwa) imewashwa na yeye haoni kitu maana paswedi inaonyesha vidoti tu. Programu iliyotengenezwa vizuri inamtahadharisha palepale chini ya kisanduku. Sasa inajuaje?

Wengi wanadhani kibodi ndo inakumbuka, si taa iko pale? Hapana aisee. Kibodi ya USB ukibonyeza Caps Lock inatuma namba ya kitufe tu, 57, basi. Kompyuta ndo inageuza hali kuwa imewaka au imezima, halafu ndo inaiamuru kibodi iwashe taa. Ndo maana kwenye Windows ukichomeka kibodi mbili, ukabonyeza Caps Lock ya hii, taa ya ile nayo inawaka. Na ndo maana mafundi mashine ikiganda wanabonyeza Caps Lock kwanza, taa isipobadilika wanajua imeganda kweli.

Kwa hiyo programu inaiuliza Windows. Unaita GetKeyState, kazi iliyomo ndani ya Windows ya kuuliza hali ya kitufe, ukiipa namba 20 (hiyo ndo namba ya Caps Lock kwa Windows, ile 57 ni ya kibodi). Jibu linabeba mambo mawili kwa pamoja: biti (tarakimu ya 0 au 1) ya juu kabisa inasema kitufe kimekandamizwa sasa hivi, biti ya chini kabisa inasema kimewashwa. Unayoitaka ni ya chini, ukiangalia tu kama jibu si sifuri onyo litatokea hata mtu akiwa anaizima, kwa sababu kidole bado kiko juu ya kitufe. Kwenye lugha ya programu ya C# kuna Control.IsKeyLocked, lugha ya Java ina getLockingKeyState ndani ya Toolkit, hizo zinakupa ndiyo au hapana moja kwa moja.

Vijana wanaotengeneza programu za mauzo, nawaomba sana msijihesabie wenyewe, yaani kuanza na "imezima" halafu kugeuza kila Caps Lock ikibonyezwa. Mteja anaweza kuwa aliiwasha kabla hata hajafungua programu yako, au aliiwasha akiwa kwenye Word huko, wewe hukuona. Uliza upya kila dirisha lako linaporudi mbele, na kila Caps Lock inapoachiwa.